Anza na Kiti, Usianze na Bunduki

Wiki jana msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nilikimbia vita nikiwa mdogo, nataka kuandika filamu. Nianzie wapi?" Swali lake limeninyima usingizi, maana mimi mwenyewe nilianza vibaya.

Nilitoka Uvira, mashariki mwa Kongo, mwaka 1996, nina miaka minane. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa boti hadi Kigoma, Tanzania, kisha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Muswada wangu wa kwanza ulijaa wanajeshi, risasi na maiti. Mtayarishaji mmoja akaurudisha na maneno mawili: haya tumeshayaona. Miaka sita imepita, bado yananichoma. Yeye aliyaona wapi? Aliyeyaona ni mimi.

Baadaye nikatazama filamu ya mwongozaji Mjerumani Caroline Link ya mwaka 2019, iliyotokana na kitabu cha watoto cha Judith Kerr cha 1971, When Hitler Stole Pink Rabbit, yaani Hitler alipomwiba sungura wa pinki. (Link huyo ndiye aliyewahi kupiga filamu Kenya, ya familia ya Kiyahudi iliyokimbilia huko 1938, ikapata Oscar mwaka 2003.) Baba yake Kerr alikuwa mhakiki wa tamthilia Berlin, Myahudi aliyewasema Wanazi waziwazi. Mwaka 1933 yeye na familia yake wakakimbilia Uswisi, wakaenda Paris, mwishowe London. Kitabuni mtoto anaitwa Anna, ana miaka tisa. Anaambiwa achague mdoli mmoja tu wa kubeba safarini. Anambeba mbwa mpya, sungura wa pinki anabaki. Vita vyenyewe bado hata havijaanza! Nami niliyeruka maiti njiani nilimlilia sungura wa kitambaa.

Usiku ule nikakikumbuka kiti kidogo alichonichongea babu. Mama alisema hakiingii botini. Nikakiweka chini ya mwembe, nikakiambia nitarudi. Nimeandika upya kuanzia hapo, na mwezi uliopita muswada umechaguliwa kwenye warsha ya waandishi. Kati yetu sote, aliyekulia kambini ni mimi peke yangu. Najivunia, wala sioni haya kusema.

Basi, ndugu yangu, kitafute kitu ulichokiacha. Mtoto hajui siasa, anajua kiti chake. Badili majina ukitaka. Kerr alijiita Anna na ukweli haukupungua. Halafu nenda kwa mama yako leo, si kesho, umuulize kila kitu. Wangu alifariki kabla sijamuuliza ni nani alibaki pale nyumbani, kwenye ule mwembe.