Hayo Hayakuwa Maombi, Mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa miaka tisa, tunaishi Muyeye hapa Malindi. Mume wangu ni weita hotelini, lakini tangu Aprili yuko nyumbani na kazi nyingine hatafuti. Kila Jumatatu anapiga pasi shati lake jeupe, anaenda kusimama kwenye geti la hoteli, anarudi. Ushirika wa akina mama ulipokuja kwangu nilimwombea tu, Bwana amfungue na roho ya uvivu. Mavyaa alikuwepo. Akainuka katikati ya maombi, akachukua leso yake, akaacha chai nusu kikombe, akarudi kwake Ganda. Hii ni wiki ya tatu mume hanisemeshi. Nilisema ukweli, na mficha uchi hazai. Nimwite mchungaji aje amwombee tena?*
*Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Kulala na mtu aliyekupa mgongo wiki tatu si mchezo. Pole. Na pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila nikiisoma mumeo ananipendeza zaidi. Mvivu hapigi pasi. Mvivu hata hajui shati liko wapi. Huyu analitoa, analinyoosha kola, anatoka na jua la Malindi kichwani kwenda kuambiwa "bado", na Jumatatu ya pili anarudi kuambiwa tena. Wewe ni mtu wa hapa, kusi hulijui? Likianza kuvuma na mvua za masika zikashika, wageni huondoka, hoteli za ufuoni nyingine hufunga na nyingine hupunguza watu, na weita hukaa kungoja msimu. Ni pepo gani huyo wa uvivu anayeingia Aprili akatoka Wataliano wakirudi?

Na hukumwombea. Ulimsema. Ulikuwa na neno la kumwambia, ukaogopa kumwambia chumbani mkiwa wawili, ukalifungia macho na kulipitishia kwa Mungu ili asiweze kukujibu. Nani atamkatiza mtu anayeomba? Mavyaa tu ndiye aliyethubutu, naye hakufungua kinywa, alichukua leso yake. Kati ya wote waliokuwa sebuleni kwako, Mkristo aliyeuchunga ulimi siku ile ni yeye. Mwanawe anaitwa mvivu mbele ya majirani, angeweza kukurarua pale pale. Akaiacha chai.

Ati mficha uchi hazai! Methali hiyo ni ya mwenye uchungu wake mbele ya mkunga wake. Wewe ulivua nguo za mwenzio, tena mbele ya watu wasiojua kuzalisha.

Unasema ulisema ukweli. Haya, tuseme ni kweli. Yusufu alipoona Maria ana mimba isiyo yake, alidhani ana ukweli mzito kuliko wako. Mathayo anasema alikuwa mtu wa haki, "asitake kumwaibisha", akaazimu kumwacha kwa siri. Hakumpeleka kwenye ushirika wakamwekee mikono. Na Paulo alipowaandikia Waefeso kuhusu maneno yatokayo vinywani alitaka liwe neno "la kumfaa mwenye kuhitaji". Pale kwako mwenye kuhitaji alikuwa nani, na neno "uvivu" lilimfaa nini?

Halafu hiyo "tena" yako nimeiona. Mchungaji alishakuja, sivyo? Kwa hiyo si mara moja, na mwenzio hakununa kwa sala moja.

Siku hizi ndoa zetu zimekuwa hivi. Mume akichelewa kurudi, ombi. Mavyaa akiomba nauli, ombi. Linatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp na "tusimame pamoja kwa maombi" juu yake, na kabla ya magharibi limefika Watamu. Zamani umbea ulikuwa na haya, ulisemwa kibarazani kwa sauti ya chini. Sasa unaanza kwa "Bwana asifiwe".

Anza na mumeo. Mwambie umemkosea, na usiweke "lakini". Kisha nenda Ganda kwa miguu yako, simu haitoshi. Ukipewa chai uinywe mpaka mwisho, na mavyaa akikusema msikilize. Ushirika ukikutana tena, simama useme kwa mdomo ule ule kwamba mume wako si mvivu, hoteli imefunga, wewe ndiye uliyeteleza. Sema hayo tu ukae. Usilie, wasije wakakuombea.

Shida ya pesa ipo, sikatai. Watoto wawili hawali shati jeupe. Basi muulize mwenyewe, jioni, watoto wamelala, kama kuna kibarua cha kushika mpaka msimu ufunguke. Huenda alishakitafuta hukumuuliza.

Mchungaji mwache apumzike.