Mwanangu, kuhusu swali lako la umoja hapo chuoni

Marahaba mama. Meseji yako ya juzi nimeisoma na mama yako nikamsomea. Unauliza, "Baba, chuo ni cha Kikristo, wote tunamwamini Yesu, mbona tunagombana hivi, nijitoe kwenye kamati ya ibada au nibaki?" Maana Walutheri wanataka liturujia, yaani ibada ya utaratibu ulioandikwa, walokole wanataka sifa na maombi ya sauti, Wakatoliki wanaona hawahesabiwi, na Wasabato wamepangiwa usafi wa kampasi Jumamosi.

Baki mama.

Fungua Biblia, Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa ndo kwanza bichi, mitume wenyewe wapo hai, na bado watu wananung'unikiana, wajane wa wale Wayahudi wanaosema Kiyunani, yaani Kigiriki, wanasahaulika kwenye chakula cha kila siku. Mitume hawakuwaambia nyamazeni tuombee umoja, walisema chagueni watu 7, sasa we angalia waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Majina yote ya Kiyunani! Huyo Nikolao hata Myahudi wa kuzaliwa hakuwa, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Yaani inaonekana kabisa upande uliolalamika ndo ukakabidhiwa kugawa chakula, cha wote, sio cha kwao tu. Mi hapo huwa naguswa sana. Sasa jiulize kamati yenu ina Msabato hata mmoja? Mkatoliki je? Kama hamna, hizo semina za umoja mnazoandaa zitawasaidia nini?

Hata KKKT yetu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mwaka 1963 yalikuwa makanisa 7 yakaungana, kila moja na wamisionari wake na desturi zake, huku kwetu Kilimanjaro ilikuwa misheni ya Kijerumani ya Leipzig, kwingine ile ya Bethel, nayo ya Wajerumani, kwingine Waswidi au Wamarekani, na mkuu wa kwanza akawa Askofu Stefano Moshi. Kuungana hakukumaanisha kila mtu aache ya kwao.

Ila msijifanye tofauti hazipo. Mkatoliki asiposhiriki Chakula cha Bwana kwenu msimnunie, kanisa lake halimruhusu na anayeumia zaidi pengine ni yeye. Mlokole akiomba kwa sauti sio fujo, na wewe ukiomba kimya sio kwamba umepoa kiroho, hilo uwaambie bila hasira. Na Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, kwa hiyo huo usafi uhamieni Jumatano au siku yoyote nyingine, halafu Msabato mwenyewe ndo apange ratiba ya chuo kizima.

Kwa hiyo kikao kijacho nenda na majina mawili ya kuingia kamati, na uongee nao kwanza wakubali, usiwashtukize mbele za watu. Mwenyekiti akigoma nipigie usiku huohuo tufikirie pamoja. Hela ya matumizi natuma kesho asubuhi.

Baba yako, huku Moshi mjini