Simu inajipakulia masasisho na kumaliza bando: nifanyeje?

Swali: Habari za kazi, fundi. Natumia Samsung, na nyumbani nina raota ndogo ya laini. Juzi usiku niliweka bando la wiki. Asubuhi nikakuta limekwisha na simu inaniambia masasisho yako tayari kusakinishwa. Ujumbe huo hauondoki. Mdogo wangu alisasisha simu yake ikawa nzito, kwa hiyo mimi sitaki kabisa. Nizuie vipi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Pole sana kwa bando. Tuanze na hilo, maana linaumiza wengi na kulizuia ni rahisi.

Simu yako haijui kwamba raota nayo inakula bando. Ikiona Wi-Fi tu, inachukulia kuwa intaneti haina kikomo na inajipakulia. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, gusa alama ya gia pembeni ya jina la raota yako, fungua maelezo zaidi, kisha chagua uhesabiwe kuwa mtandao unaopima data. Ukimaliza, rudi kwenye mipangilio, shuka hadi masasisho ya programu, uzime upakuaji wa kiotomatiki kupitia Wi-Fi. Wenye iPhone nao wanaweza kuiwekea Wi-Fi husika hali ya kutumia data kidogo, na sasisho lililokwisha kupakuliwa hufutwa kwenye orodha ya hifadhi ya simu.

Sasa uamuzi ni wako, si wa simu. Ila kukataa masasisho yote moja kwa moja sikushauri hata kidogo.

Fungua huo ujumbe usome maelezo kabla ya kubonyeza chochote. Ukikuta sasisho ni la usalama, mara nyingi dogo, na namba ya Android (toleo la mfumo unaoendesha simu) haibadiliki, liweke. Tangu Agosti 2015 Google hutoa kila mwezi taarifa ya mianya ya usalama iliyozibwa kwenye Android, na taarifa hiyo wezi nao wanaisoma. Simu isiyosasishwa inabaki na mwanya ambao kila mtu ameshauona, na humo ndimo zilimo pesa zako za simu na jumbe za benki.

Sasisho linalobadilisha namba ya Android, lenye GB moja au zaidi, ni habari nyingine. Hapo hofu yako ina msingi. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung milioni 5 kwa masasisho yaliyozorotesha simu za zamani. Kwa Samsung ilikuwa Galaxy Note 4 iliyopelekwa Android 6. Kwa hiyo subiri wiki chache, uliza wenye simu ya toleo kama lako, na kama RAM yako (kumbukumbu ambayo simu hutumia ikiwa kazini, si hifadhi ya picha) ni GB 3 au chini ya hapo, mimi ningeliacha likae.

Huenda simu ya mdogo wako itapona yenyewe. Baada ya sasisho kubwa simu hupanga upya programu na picha kwa siku mbili tatu, inapata joto na kula chaji. Aizime na kuiwasha, asasishe programu zake, aachie nafasi kwenye hifadhi. Ikiendelea kuwa nzito baada ya wiki, ndipo afikirie kuhifadhi vitu vyake pembeni na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani.

Asikubali fundi amrudishie Android ya zamani kwa kuiflashi, yaani kuiwekea mfumo mzima upya kwa kompyuta. Data zote zinafutika, na simu nyingi za Samsung zikishapanda toleo hukataa kushuka. Ikilazimishwa inaweza isiwake tena.

Mwisho, ukiletewa tangazo la "sasisha simu yako" ndani ya kivinjari au kwa SMS yenye kiungo, usiliguse. Funga ukurasa, nenda kaangalie kwenye mipangilio. Kama kule hakuna sasisho, lile lilikuwa la matapeli.