Ndugu wanataka nyumba ya Mkomani iuzwe

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga kiduka Langoni. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita akatuachia nyumba ya mawe Mkomani. Warithi ni mama, kaka wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Kaka wanaishi Mombasa na wanataka nyumba iuzwe kwa mgeni. Mume wangu asema tuchukue kiwanja Mokowe, ng'ambo bara, bei ni nafuu. Mimi sitaki kuhama. Wanangu huenda skuli na madrasa kwa miguu, hata punda akipita hunijua. Ila pesa za kununua nyumba nzima sina. — Msomaji, Lamu

Marahaba, mwanangu. Nakuandikia nikiwa darini, katika nyumba niliyoinunua kwa ndugu zangu fungu moja moja, kwa miaka kumi na moja. Pesa za nyumba nzima huna, na huzihitaji.

Tazama hesabu. Ikiwa wazazi wa marehemu hawapo na madeni yamelipwa, mama ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki mwagawana nyinyi, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Tuseme nyumba imethaminiwa 4,800,000. Mama ana 600,000, kila kaka 1,400,000, wewe 700,000 na mdogo wako 700,000. Mama na mdogo wako wakikubali nyumba ibaki, wanaokudai ni kaka wawili tu, 2,800,000. Ni pesa nyingi, najua cherehani yaingiza nini. Lakini ndugu hungoja, mgeni hangoji. Omba kulipa kwa miaka, anza na kaka mmoja.

Na muandikishane! Mimi nilimlipa kaka yangu mkubwa kwa mdomo tu, kwa kuwa ni kaka. Alipofariki, wanawe hawakuwa na habari na mimi sikuwa na karatasi. Nililipa mara ya pili, na mwaka mzima hatukusemezana. Nendeni kwa kadhi nyote, mirathi ithibitishwe kwanza, kisha kila anayetoka katika fungu lake kwa malipo, hiyo ndiyo takharuji, atie sahihi mbele ya mashahidi. Baada ya hapo jina libadilishwe kwenye hati ya ardhi.

Mokowe si pabaya, nina jamaa huko. Lakini mwambie mumeo apige hesabu ya nauli ya boti kwenda na kurudi, yako na ya watoto, siku sita kwa juma, mwaka mzima. Kisha aongeze gharama ya kujenga kuanzia msingi.

Nyumba yenyewe hukusema iko vipi. Kama ni kongwe, anza na dari ya juu, maana mvua ikipenya, boriti huoza ncha zile zilizozama ukutani, usizoziona. Fundi akikushauri upige lipu ya saruji, kataa. Kuta za mawe ya matumbawe zataka chokaa, saruji hufungia unyevu ndani mpaka ukuta unamumunyuka. Mji wetu wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo usibomoe hata daka la mlangoni kabla ya kuuliza ofisi ya uhifadhi.

Mthamini mchagueni pamoja, asiwe wa kaka wala wako. Na kabla ya yote, kaa na mama peke yenu, umuulize yeye ataka kuzeekea wapi.