Utafiti wa chuo kikuu unamsaidia nini mwanakijiji? Niliyoyaona nikibeba madodoso

Mkuu, umeuliza tafiti za sayansi ya jamii za vyuo vyetu zina faida gani kwa mwananchi wakati ripoti zinaozea kabatini. Nitajibu kwa niliyoyaona.

Nikiwa mwaka wa mwisho nilipata kibarua cha kukusanya data za umiliki wa ardhi kwenye kijiji kimoja Mkoa wa Pwani. Dodoso liliuliza: "Nani mwenye shamba hili?" Visanduku vitatu: mume, mke, wote. Nikamkuta bibi mmoja barazani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Shikamoo, marahaba, nikauliza. "Ardhi ya ukoo wa marehemu mume wangu, mjukuu wangu. Ila ile mikorosho kumi na miwili nimepanda mimi, ni yangu." Kalamu ikabaki hewani. Pwani ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, hata mtoto anajua. Dodoso letu lilikuwa halijui.

Jioni nikamweleza msimamizi. Akalifuta lile swali, akaandika mengine matatu, tukarudia kaya zote. Wanawake tuliokwisha kuwaandika hawana kitu, kumbe wana minazi na mikorosho.

Halafu tulirudisha majibu. Hili ndilo wengi hawalifanyi, na linaniuma sana: unachukua maneno ya watu, unayaandika Kiingereza, unayafungia maktaba. Sisi tulisoma matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili. Bibi akasimama, akaomba miti yake iandikwe kwenye daftari la kijiji. Mtendaji akaandika, mashemeji wakiwepo.

Ukitaka mfano mkubwa, itazame Tume ya Rais ya masuala ya ardhi ya 1991, chini ya Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilikwenda kuwasikiliza wananchi wenyewe. Pendekezo la ardhi ya kijiji kuwa mali ya mkutano mkuu wa kijiji badala ya kubaki chini ya Rais lilikataliwa, na kwa maoni yangu hapo tulipoteza. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ilileta baraza la ardhi la kijiji: wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu.

Msimu uliofuata mashemeji walitaka kuikata mikorosho miwili. Bibi alikwenda kwenye baraza hilo, akaomba daftari lifunguliwe. Korosho za mwaka ule aliokota yeye.