Mapigo mawili ya leza ya eksirei: chelewesha elektroni
Mdogo wangu, umeuliza utapataje mapigo mawili ya eksirei yaliyopishana femtosekunde 30 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde) kule LCLS, leza ya eksirei iliyoko California. Usihangaike na vioo. Zicheleweshe elektroni zenyewe zinazotoa eksirei. Safu ya kwanza ya andyuleta (sumaku zinazoziyumbisha elektroni ili zitoe eksirei) itoe mpigo wa kwanza, kisha sumaku nne zizipindishe elektroni kando na kuzirudisha njiani. Zinabaki nyuma ya mwanga kwa mikromita 9 hivi, basi, na hizo ndizo femtosekunde 30 zako! Safu ya pili inatoa mpigo wa pili, hata wa rangi nyingine ukipenda. Ila usiuache wa kwanza ukue hadi kikomo: elektroni zikishavurugika, wa pili unatoka dhaifu. Ukitaka yapishane kwa nanosekunde (kila moja ni femtosekunde milioni), omba vifurushi viwili vya elektroni. Huachana kwa vizidisho vya nanosekunde 0.35.