Banda Pekee Halimkingi Ng'ombe na Waya

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza mfugaji afanye nini ili wanyama wake wasidhurike na takataka na vyuma vinavyotupwa ovyo. Jibu lililo mdomoni mwa wengi ni kwamba mifugo wasiachwe wakizurura: wafungie, uwakatie majani, uwaletee horini. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa huku Ngata, kando ya jiji la Nakuru, na ng'ombe wangu hawatoki bandani. Wa majirani zangu wengi pia hawatoki. Hata hivyo waya unawafikia, tena kwa mikono yetu wenyewe, ndani ya mzigo wa majani. Kwa hiyo jibu langu ni moja: jua kila mzigo wa lishe umetoka wapi, na uukague kabla haujaingia kwenye mashine ya kukatia.

Ng'ombe hali kama mbuzi. Mbuzi huchagua jani kwa midomo yake, moja moja. Ng'ombe huyazungushia majani ulimi, akayavuta, akayatafuna juu juu na kuyameza, kazi ya kuyasaga akaiacha mpaka wakati wa kucheua. Msumari ulio katikati ya tonge hilo hausikii. Ukishamezwa, uzito wake unauangusha kwenye tumbo la pili, lile dogo ambalo ndani lina vijumba kama sega la nyuki. Chakula husonga mbele, chuma kikabaki. Na tumbo hilo limekaa pabaya. Liko mbele kabisa, limeegemea kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na ng'ambo ya kiwambo, sentimita chache tu, ndipo moyo ulipo. Mchana kutwa na usiku kucha tumbo hilo hujikaza na kulegea. Waya wenye ncha ukilala vibaya, kila mkazo unausukuma. Hutoboa ukuta, uchafu ukavuja, usaha ukajikusanya, na ukizidi kwenda mbele huufikia mfuko wa moyo. Hapo daktari hana mengi ya kufanya.

Sasa ingiza mashine ya kukata majani katika habari hii. Waya wa urefu wa mita moja ulioanguka malishoni, ng'ombe anaweza kuusukuma kando, au ukamkwama mdomoni akautema. Mashine haitemi. Inaukata pamoja na nepia, yale majani marefu tunayopanda kwa lishe, ukawa vipande vya urefu wa kidole, kila kipande na ncha mbili mpya, kisha inavichanganya na majani ambayo baadaye tunayanyunyizia molasi ili ng'ombe asiache hata jani. Yaani tunamtengenezea waya wa kumezeka. Nasema hivi bila kuilaumu mashine, maana bila hiyo mabua makavu yangepotea bure. Nasema tu kwamba ukiwa nayo, ukaguzi unakulazimu zaidi kuliko yule anayechunga porini.

Ukitaja takataka hapa Nakuru, watu hufikiria jaa la Gioto, kule kwenye miteremko ya Menengai. Kweli, mnyama anayejilisha jaani yuko hatarini. Lakini lishe ya huku kwetu haitoki Gioto. Inatoka kwenye ploti. Tangu Nakuru itangazwe jiji mwaka wa 2021, na hata kabla ya hapo, mashamba ya Ngata na Kiamunyi yamekuwa yakikatwa vipande na kujengwa. Mwenye ploti ambaye hajapata pesa za kujenga hukodisha apandwe nepia, huku ploti ya pili yake mjengo unaendelea. Fundi akimaliza kufunga vyuma vya slabu, mabaki ya ule waya mweusi laini huyaangusha papo hapo. Akibomoa mbao za fomu, zile za kushikilia zege, misumari inaruka upande wa nepia. Mvua ikinyesha mara mbili, nepia imefunika kila kitu.

Kuna na njia nyingine ambayo sijasikia ikizungumzwa, nayo ni jivu. Zile mbao za mjengo zikiisha kazi huuzwa au hugawiwa kama kuni. Zinaungua, misumari haiungui. Jivu linazolewa jikoni na kumwagwa shambani pamoja na samadi, tena kwenye nepia hiyo hiyo. Nenda leo ukachekeche jivu la jikoni kwako kama unapikia mbao za mjengo, utaona mwenyewe. Kwangu jivu halitoki jikoni bila kupita kwenye chekecheo la mchanga.

Halafu kuna barabara kuu. Wanaokata nyasi za kando ya barabara kutoka Ngata kuelekea Salgaa wanajua magurudumu ya malori yanavyopasuka yakabaki yametapakaa. Mengine huchomwa hapo hapo. Raba ikiungua, kinachobaki ni kitita cha nyaya nyembamba za chuma kigumu, na nyasi huota katikati yake vizuri sana. Kijana anayekata kwa haraka ili ajaze boda boda hawezi kuziona. Tena magurudumu hayo hayo wengine wetu tunayapanga kama uzito juu ya turubai la saileji, yaani majani yaliyovundikwa. Gurudumu kuukuu likioza ubavuni, waya unachomoza, unakatika na kuanguka kwenye saileji. Mifuko ya mchanga, au udongo mtupu, hufanya kazi hiyo bila hatari.

Kwangu mzigo wa majani hautoki kwenye mkokoteni kwenda moja kwa moja kwenye mashine. Unafunguliwa juu ya turubai, mchana kukiwa na mwanga, na kutikiswa konzi kwa konzi. Kijana wangu wa kazi anajua kwamba dakika anazotumia hapo ni kazi kamili, wala simharakishi. Pili, tuna sumaku iliyotolewa kwenye spika kuukuu ya redio, tumeifunga kwenye mpini wa jembe. Inapitishwa chini mahali paliponyooshewa mabati au kutengenezwa ua, na inapitishwa tena ndani ya lishe iliyokwisha kukatwa, kabla ya kwenda horini. Fundi wa spika atakuuzia kwa bei nafuu. Na mashine yenyewe ikazwe nati zake mara kwa mara, kwa sababu nayo huangusha.

Iko pia sumaku ya kumezesha ng'ombe, na ningependa wafugaji wengi zaidi waiulizie kwa daktari wao wa mifugo. Ni kijiti laini cha unene wa kidole. Daktari humpa mnyama kwa mdomo mara moja, nacho kikatulia katika lile tumbo la pili maisha yake yote, kikivuta vipande vya chuma na kuvishika pamoja visichome. Wakati mzuri ni mtamba akiwa hajapandishwa bado. Ukinunua ng'ombe mzima na hujui kama anayo, sogeza dira ya kuonyesha kaskazini karibu na kifua chake, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele: sindano ikicheza, sumaku imo. Ila haivuti shaba wala alumini, na haifanyi lolote kwa plastiki.

Plastiki nayo huua polepole. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na tofauti tunaiona kwenye mitaro na nyua zetu. Marufuku hiyo haikugusa karatasi ya plastiki ya mkate wala pakiti ya maziwa, na kamba za nailoni za marobota ya nyasi kavu zingali nasi. Anayechukua majani ya kabeji yaliyotupwa katika soko la Wakulima huyaleta pamoja na neti za vitunguu. Vitu hivi havimeng'enywi wala havipiti. Vinasokotana ndani ya tumbo kubwa, lenye nafasi ya zaidi ya lita 100, mpaka mnyama anaonekana ameshiba upande wa kushoto huku mgongo ukikonda. Kata kamba ya robota na uitie mfukoni papo hapo, usiiweke chini hata kwa dakika moja. Na ukiona ng'ombe anatafuna vitambaa, mifupa au viatu, usimchape: mara nyingi mwili wake unadai madini. Mpe chumvi ya madini.

Betri kuukuu za gari ziondoke bomani kabisa. Ndama hupenda kuzilamba, na madini ya risasi yaliyo ndani huwapofusha, huwatia kifafa na kuwaua. Kuku nao humeza vipande vya waya vikawatoboa firigisi, kwa hiyo sumaku ya mpini inafaa kupitishwa uani pia.

Mwisho niseme juu ya dalili, kwa sababu hufanana na za magonjwa mengine na wengi hupoteza siku wakidunga dawa zisizohusika. Jirani yangu alikuwa na ng'ombe wa gredi aliyezaa majuma machache tu nyuma. Asubuhi alikamwa vizuri, jioni maziwa yakashuka hadi nusu. Akasimama amekunja mgongo, viwiko vya mbele amevitanua, hataki kulala wala kuteremka kwenye mwinamo wa banda. Daktari alipofika alimbana kwa mkono juu ya mabega. Ng'ombe mzima akibanwa hapo hubonyeza mgongo chini. Huyu alijikaza na kuguna. Kuzaa ndiko kulikokuwa kumeusukuma waya, daktari alisema. Alimpasua akiwa amesimama, ubavu wa kushoto, kwa sindano ya ganzi, akaingiza mkono hadi begani na kuchomoa nyaya kutoka kwenye lile tumbo la sega. Ng'ombe alipona na maziwa yakarudi taratibu.

Nyaya zile hatukuzitupa kabla ya kuzichunguza, na nawasihi wafugaji wenzangu mfanye hivyo. Hata ukimuuza mnyama kwa wachinjaji, mwulize mkaguzi wa nyama alichokuta tumboni, kwa kuwa waliobaki bandani wamekula hori moja naye. Waya wa mjengo ni laini: ukiukunja unabaki umekunjika. Waya wa gurudumu ni mgumu na ukiukunja unaruka ukanyooka tena. Msumari wa mabati una kichwa kipana. Hizi za jirani zilikuwa zikiruka, yaani ni za gurudumu. Tukaenda stoo kwake na ile sumaku ya mpini, tukaipitisha kwenye magunia ya majani yaliyokatwa, nayo ikatoka na vipande vingine vya waya wa aina hiyo hiyo. Magunia yale yakamwagwa yote, na kijana wa boda boda akaambiwa asikate tena majani karibu na barabara kuu.

Msomaji wenu,
Ngata, Nakuru